Msaada kwa Waliopatwa na Maafa Ng'ambo: Fedha au Vitu?

Kila mara habari za maafa makubwa katika nchi za mbali zisikiwapo katika redio, watu wa Kuresoi, kama wenzao wa sehemu nyingine za Kenya, huulizana makanisani na sokoni wawezavyo kusaidia. Aghalabu wazo la kwanza ni kukusanya vitu. Mmoja husema atatoa gunia la viazi, mwingine kabichi, mwingine blanketi, na mama wa nyumbani hutazama sandukuni nguo za watoto zilizokwisha kuwa ndogo. Nia hiyo ni njema, wala hapana sababu ya kuidharau. Lakini yafaa ijulikane ni kipi kifikacho na ni kipi kiishiacho njiani, kusudi jasho la mkulima lisipotee bure.

Na tutazame mfano wa nchi ya Msumbiji. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi, 2019, kimbunga kilichoitwa Idai kiliupiga mji wa Beira, ulio bandari kubwa kando ya bahari hii hii ya Hindi. Mapaa yaling'oka, mito ikafurika, na nchi kavu ikageuka kuwa ziwa. Katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi watu zaidi ya 1,000 walikufa. Barabara kuu ya kuingilia Beira kutoka bara ilikatika, na kwa siku nyingi mji ule ulifikiwa kwa ndege na kwa meli tu.

Sasa na tulifuate gunia moja la viazi kutoka Keringet au Olenguruone. Kwanza lapelekwa Nakuru kwa lori, kisha Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 600. Huko lahitaji hati ya afya ya mimea kutoka kwa idara ya KEPHIS, kwa maana hakuna nchi ipendayo kuletewa ugonjwa wa mnyauko pamoja na udongo ulioshika viazi. Na kila mkulima wa Kuresoi aujua mnyauko ni adui wa namna gani. Kisha lingoje meli, lisafiri, lingoje tena gatini, na nafasi lililoishika katika gati iwe imenyimwa dawa au turubai. Na katika kila kilo 10 za viazi, karibu kilo 8 ni maji. Yawezekana kabisa nauli ikaizidi thamani ya viazi vyenyewe kabla havijafika, na vifikapo viwe vimeoza. Lakini gunia lile lile likiuzwa Molo siku ya soko, fedha zake zaweza kufika kwa wahusika upesi, bila kuoza na bila kungoja meli.

Habari ya nguo na dawa ni hivyo hivyo, tena pengine ni mbaya zaidi. Baada ya tetemeko la ardhi la Armenia la Desemba 1988, nchi ile ilipelekewa dawa na vifaa vya tiba vya uzito wa tani 5,000 hivi. Watu 50 walifanya kazi miezi sita ili kujua tu ni kitu gani kilicholetwa! Sehemu ya dawa hizo ilikuwa imekwisha muda wake, na nyingine iliharibiwa na baridi. Vivyo hivyo katika jimbo la Aceh, nchi ya Indonesia, baada ya mawimbi makuu ya tarehe 26 Desemba, 2004. Ziliwasili tani 4,000 za dawa, nyingi zikiwa na maandishi ya lugha ambayo wauguzi wa pale hawakuweza kuisoma. Dawa asiyoijua muuguzi si dawa, ni mzigo, na kuiteketeza kwa usalama kuna gharama yake. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni mwaka 1996 kuhusu dawa za msaada, mojawapo ikiwa kwamba dawa iwasilipo iwe imebakiwa na mwaka mmoja au zaidi wa kufaa kutumika. Vidonge vilivyobaki kabatini havina nafasi katika kazi hii.

Fedha zina faida nyingine ambayo watu hawaifikirii sana. Aliye Kuresoi hawezi kujua kutoka mbali ni nini kinachohitajiwa leo, na mahitaji ya leo si ya wiki ijayo. Uturuki na Siria zilipopatwa na tetemeko la ardhi tarehe 6 Februari, 2023, ilikuwa majira ya baridi kali, na walionusurika walihitaji mahema na moto. Huko Beira baada ya Idai haja ya kwanza ilikuwa kuwaokoa watu waliopanda juu ya miti na mapaa. Lakini kabla mwezi wa Machi haujaisha kipindupindu kilikuwa kimethibitishwa, na mara ikatakiwa klorini ya kusafishia maji pamoja na chanjo. Dozi karibu 900,000 zilipelekwa huko. Fedha zilezile zilizokusanywa kwa ajili ya blanketi zaweza kugeuzwa kuwa klorini siku ile ile haja ibadilikapo. Blanketi haliwezi.

Kuna jambo lingine, nalo mkulima atalifahamu kuliko mtu wa mjini. Idai ilikuja mwezi wa Machi, wakati mahindi ya Msumbiji yalipokaribia kuvunwa. Mimea ya zaidi ya hekta 700,000 iliharibiwa. Watu wale, basi, hawakupoteza nyumba tu, bali walipoteza chakula cha mwaka mzima na mbegu za mwaka uliofuata. Redio huzungumza juu ya maafa kwa wiki mbili tatu, kisha huja habari nyingine. Hali mwenye shamba aliyeachwa na matope bado ana msimu mzima wa kungoja. Yule ambaye hakuwahi kutoa katika wiki ya kwanza asidhani amechelewa. Fedha za mwezi wa tatu hununua mbegu na majembe, na mara nyingi ni chache kuliko zile za wiki ya kwanza.

Wako watakaouliza, na ni haki yao kuuliza: je, vitu havifai kamwe? Vinafaa sana, maafa yakiwa karibu. Tarehe 29 Aprili, 2024, maji yalipobomoa njia usiku na kuwaua watu zaidi ya 40 karibu na Mai Mahiu, katika kaunti hii hii ya Nakuru, lori lililopakia kabichi, unga na blanketi asubuhi liliweza kufika kabla ya jua kuchwa. Hapo hakuna meli wala forodha, na chakula ni kile kile ambacho watu wamezoea kukila. Hata hivyo ni vema kuuliza kwanza. Mapema mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu wengi wa Kuresoi na Molo walilala katika mahema kwenye Uwanja wa Maonyesho mjini Nakuru, wakihudumiwa na Msalaba Mwekundu wa Kenya pamoja na wengine. Aliyepitia siku zile hana haja ya kufundishwa kwamba sufuria moja ni bora kuliko marundo ya viatu visivyo na vya pili.

Basi fedha zipite njia gani? Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na kina tawi mjini Nakuru. Vyama vya namna hiyo vimo katika nchi zaidi ya 190, navyo vimeungana katika Shirikisho lenye makao yake Geneva, nchi ya Uswisi. Maafa yatokeapo, chama cha nchi ile ndicho kifanyacho kazi, kwa kuwa watu wake waijua lugha na njia za kwao; vyama vingine hukitia nguvu. Shirikisho lina mfuko wa dharura tangu mwaka 1985, ili kazi ianze kabla michango haijafika. Kanisa, msikiti au shirika linalojulikana lenye watu wake katika nchi iliyopatwa nalo ni njia nzuri. Ni kweli kwamba sehemu ya fedha hulipia mafuta ya gari, ghala na mishahara. Huo si wizi. Chakula hakitembei chenyewe. Wizi ni kitu kingine, na huo waja katika simu.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, kutoa msaada kumekuwa rahisi mno. Mwaka 2011, njaa ilipowashika watu wa Turkana na sehemu nyingine za kaskazini, mchango ulioitwa "Kenyans for Kenya" ulipokea hata Sh. 10/- kwa simu, na lengo la shilingi milioni 500 likapitwa. Lakini urahisi huo huo wawafaa walaghai. Namba ya kulipia isichukuliwe katika ujumbe uliotumwa na mtu asiyejulikana. Ichukuliwe katika tangazo la chama chenyewe au katika ofisi yake. Namba ya mtu binafsi haifai, hata ikiwa imeambatana na picha ya mtoto aliaye, kwa maana picha huweza kuwa ya nchi nyingine na ya mwaka mwingine. Baada ya kulipa, mtoaji na asome jina la mpokeaji katika ujumbe wa risiti, wala asiufute.

Kikundi cha akina mama au shule ikikusanya pamoja, na wachaguliwe watu watatu wa kuhesabu, kila jina na kiasi chake viandikwe katika daftari, na jumla isomwe mbele ya wote siku ile ile. Fedha zisilale nyumbani kwa mweka hazina. Zipelekwe benki au zitumwe kwa simu upesi iwezekanavyo, pamoja na maneno machache ya kueleza ni za maafa gani. Wakiona afadhali chama kizitumie mahali popote penye haja, waseme hivyo tangu mwanzo, kabla watoaji hawajatoa, ili pasiwe na manung'uniko baadaye.

Watu wengine hutaka kutoa damu. Damu haidumu zaidi ya wiki chache hata ikiwekwa katika baridi, wala ile itolewayo Nakuru haitapelekwa ng'ambo; itawafaa wagonjwa wa Kenya, mathalan mama aliyejifungua kwa shida au aliyeumia katika ajali ya barabara. Na kijana mwenye nguvu atakaye kusafiri kwenda kusaidia asifunge safari peke yake, kwani atakuwa mdomo mwingine wa kulishwa. Ajiandikishe katika tawi la Nakuru, ajifunze huduma ya kwanza, na mvua kubwa zijapo Bonde la Ufa awe tayari kuitwa.