Kwa Nini Kasa Alazwe Dimbwini?

Sogea, mpwa wangu, nikusimulie. Umeniuliza mtu asiyejua kuogelea huwaonaje viumbe wa baharini. Swali zuri hilo! Sisi wa Londiani ni watu wa milimani, bahari twaisikia tu redioni. Wewe umeamua kuuliza habari zake. Vyema sana.

Twende Unguja, mpaka ncha ya kaskazini, Nungwi. Hapo pana mnara wa taa, na karibu yake pana dimbwi katikati ya miamba ya matumbawe. Nani alilichimba? Hakuna. Bahari yenyewe ililifanya. Maji yakijaa, bahari huingia. Maji yakipwa, bahari hutoka. Mwaka 1993 wanakijiji wakaanza kuwatunza kasa humo, na wageni hulipa kiingilio kuwatazama.

"Mjomba, kwani kasa wamefungwa?"

Hebu tumsikilize kasa mwenyewe.

"Mimi ni kasa. Naishi majini, lakini napumua hewa kama wewe. Nikinaswa wavuni, siwezi kupanda juu kuvuta pumzi, na nikikosa hewa nakufa. Mvuvi aliniwahi, nikaletwa hapa. Dimbwi hili ni kama zizi la ndama kwenu. Ndama hukaa humo mpaka apate nguvu, kisha hufunguliwa. Nami nitafunguliwa, nirudi baharini."

Umesikia? Dimbwi ni la kukaa kwa muda, si la kubaki daima.

"Na akishafunguliwa, mjomba, nani atajua amekwenda wapi?"

Ewe mtoto! Hilo ndilo swali la watafiti wenyewe. Kule Watamu, pwani yetu ya Kenya, tangu 1997 kuna watu wanaolinda viota na kuokoa kasa. Mvuvi akimnasa kasa, hupiga simu. Wao huja, humpima, humtia pezini kibati chenye namba, humwachia. Akionekana tena, namba husema yeye ni nani na alipita wapi.

Kwa subira hiyo watu wamejua mengi. Kasa huchukua miaka 20 na zaidi kukomaa. Kisha jike hurudi kutaga upande ule ule alikozaliwa, akiongozwa na sumaku ya dunia. Lakini linalonishangaza mimi kuliko yote ni mchanga. Mayai yakilala kwenye mchanga wenye joto zaidi, huzaliwa majike. Mchanga ukiwa baridi kidogo, huzaliwa madume. Dunia ikizidi kupata joto, madume watatoka wapi? Ndiyo maana watafiti hupima joto la viota.

"Mjomba, na mto wetu unafika kwa kasa?"

Mto Kipchorian huteremka hapa Londiani ukaingia Mto Nyando. Nyando huingia Ziwa Victoria. Maji ya ziwa hutokea Jinja, yakafuata Mto Nile mpaka Bahari ya Mediterania. Hayafiki Nungwi, wala Watamu. Lakini hata katika bahari hiyo ya mbali kasa wapo, nao hutaga mchangani vilevile.