Je, Wajua? Usiilaumu Baridi ya Julai Pekee

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai ikifika, kila goti linalouma Kangemi au Kawangware hulaumiwa baridi. Baridi yaweza kuzidisha maumivu, lakini haileti ugonjwa.

Kujua ni ugonjwa upi, tazama saa. Vidole vikikakamaa asubuhi hadi kufunga vifungo vya shati ni kazi, na vikichukua zaidi ya nusu saa kulegea, shuku baridi yabisi, hasa viungo vya mikono yote miwili vikiwa vimevimba. Wanawake huipata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, wengi wangali kazini. Goti lililochakaa ni kinyume: asubuhi hulegea upesi, jioni huuma ukishuka ngazi za matatu.

Gauti, ugonjwa mwingine wa viungo ambao mashabiki wa nyama choma na bia hawapendi kuusikia, mara nyingi huvamia usiku: kidole gumba cha mguu hufura, kikawa chekundu, hata shuka haivumiliki.

Dawa za maumivu hutuliza uchungu huku kiungo kikiendelea kuharibika. Uvimbe ukidumu wiki kadhaa, muone daktari. Kiungo kimoja kikifura ghafla pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.