Je, Wajua? Injini Hurudishiwa Moshi Wake

Injini nyingi za magari hurudishiwa sehemu ya moshi wake zenyewe. Moshi huo, ambao hauungui tena, hupunguza joto la mwako ndani ya silinda, na hivyo kuzuia naitrojeni na oksijeni za hewani zisiungane kwa wingi kuwa oksidi za naitrojeni, gesi zinazodhuru mapafu. Unapita kwenye valvu, yaani kilango ambacho katika mifumo ya zamani hufunguliwa na ombwe, nguvu ya nafasi iliyonyonywa hewa. Ili kuipima, fundi huiacha injini ya petroli iliyokwisha kupata moto iungurume bila kukanyagwa mafuta, kisha huifungua valvu kwa pampu ya mkono ya ombwe: injini ikitetemeka au kuzimika, njia iko wazi, isipobadilika, valvu imekwama au njia imezibwa na masizi. Valvu iliyoshikwa na masizi isafishwe kwanza kabla ya kununuliwa nyingine.