Fundi Kwanza, Kamera Baadaye

Anayetaka kamera ya filamu iliyokwisha kutumika jijini Nairobi huanza kwa kuuliza jina: Nikon, Canon, Pentax au, kama mfuko unamruhusu kuota, Leica. Afadhali angeanza kwa kuuliza ni nani atakayeifungua siku itakapokwama. Mafundi wa kamera za zamani waliobaki katikati ya jiji ni wachache, na vipuri vyao hutoka kwenye kamera nyingine zilizokufa. Kwa hiyo modeli iliyoingia nchini kwa wingi ina mizoga mingi ya kuvuna, na kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko ukali wa lenzi. Leica ni kifaa kizuri sana. Pia ni kifaa ambacho fundi hukipokea kwa mikono miwili, akakisifu, kisha akakurudishia.

Baada ya fundi, betri. Pentax K1000, iliyotoka mwaka 1976 na kuendelea kutengenezwa hadi 1997, na Nikon FM2 ya 1982, zote shata zake huendeshwa kwa springi na gia. Betri ni ya kipima mwanga tu. Ikiisha ukiwa Lodwar, unakisia mwanga na kazi inaendelea. Canon AE-1, iliyozaliwa mwaka mmoja na hiyo Pentax, shata yake hutegemea umeme. Betri yake ya volti 6 ikifa, umebaki na kitu cha kuzuia karatasi zisipeperuke. Jawabu la mtaani lipo: betri hiyo ni sawa na vidonge vinne vya LR44 vilivyopangwa juu kwa juu, hivyo unaweza kuvinunua kwa fundi wa saa na kuvifunga kwa utepe. Ukisikia AE-1 ikikohoa unapobonyeza, mafuta ya gia zinazoinua kioo yamekauka. Inatibika, ila mwuzaji asikwambie kwamba zote ndivyo zilivyo, kwa bei ileile.

Kati ya hizo tatu, kwa kazi ya malipo ningechukua FM2, na sababu ni jua. Nairobi iko zaidi kidogo ya nyuzi moja kusini mwa ikweta. Saa sita mchana wa Februari, filamu ya ISO 400 hutaka kasi ya karibu 1/500 kwa tundu la f/16. K1000 haipiti kasi ya 1/1000, basi unaweza kufungua lenzi hadi f/11 tu, na kila kilicho nyuma ya bibi harusi kitaonekana wazi, likiwemo tangi la maji la jirani. FM2 hufika 1/4000, ambayo inakupa f/5.6, na tangi linaanza kufifia. Msafiri hajali hilo. Yeye achukue K1000, ambayo kwa kawaida ni rahisi zaidi, na akumbuke kufunika lenzi kila anapoiweka: kipima mwanga chake hakina swichi, na huendelea kula betri kila mwanga unapoingia.

Pa kuitafuta? Wenye maduka ya Moi Avenue na vichochoro vyake wanajua thamani ya walichonacho, wakati mwingine kupita kiasi. Toi Market, kando ya Ngong Road, ni ya mwenye subira na bahati. Mahali ninapopapendelea ni nyumba za Lavington na Kileleshwa, familia inapohama na kuuza vya kabatini, kwa kuwa hapo unaweza kuuliza kamera iliishi wapi. Iliyokaa Mombasa miaka mingi ina hatari kubwa zaidi ya kuvu kwenye lenzi, kwa sababu ya unyevu. Lakini hata Kileleshwa, mfuko wa ngozi uliofungwa kabatini baridi ya Julai baada ya Julai hufuga kuvu vizuri tu. Mulika tochi kupitia lenzi huku umefungua tundu lote. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zikionekana, rudisha. Fungua mlango wa nyuma, bonyeza kwa sekunde moja kisha kwa 1/1000, ukitazama dhidi ya dirisha kama shata inafunguka kweli. Sponji za kuzuia mwanga mlangoni, zilizogeuka kuwa lami, zisikutishe. Kuzibadilisha ni kazi ndogo, ingawa mbele ya mwuzaji unaruhusiwa kuhuzunika.

Filamu nayo haina maana bila mahali pa kuisafisha. Mitumbani huweza kutokea roli za Kodachrome, na wauzaji huzitaja kwa heshima. Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyoisafisha, huko Kansas, Marekani, ilifunga kazi hiyo mwishoni mwa 2010. Rangi zake hazitatoka tena. Filamu za kawaida za rangi hutumia utaratibu mmoja, C-41, na jambo la kuuliza maabara ni mara ngapi wanabadilisha dawa. Ya nyeusi-nyeupe unaweza kuisafisha nyumbani. Dawa nyingi hupendekezwa kwa nyuzi 20, na ubaridi wa Nairobi unakusaidia kuliko joto la pwani. Mgao wa maji haukusaidii.

Ukisafiri na filamu, katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta mizigo hupita kwenye mashine za eksirei zaidi ya mara moja, hivyo omba filamu ikaguliwe kwa mkono, hasa ya ISO 800 na kuendelea. Usiiweke kamwe kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Mashine za huko zina nguvu zaidi. Afisa akikataa, yeye ndiye mwenye sare.

Kazi ya malipo ina sharti jingine. Roli ina picha 36 na hakuna skrini ya kukuonyesha kwamba shata ilikwama kanisani. Asiyebeba kamera ya pili, hata ya dijitali, anacheza kamari kwa pesa za mteja.

Kinachobaki ni negativu. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Kenya aliyepigia picha jarida la Life, aliuawa mwaka 1968 akiripoti vita vya Biafra. Hazina ya picha zake ilipatikana miongo kadhaa baadaye katika gereji jijini Nairobi, na kitabu chake kikatoka 2018. Hakuna aliyehitaji nywila. Siku hizi wateja wengi hupokea skani kwa barua pepe na kuziacha negativu kaunta. Maabara nyingine huzitupa baada ya muda, na sharti hilo, kama limeandikwa popote, limo nyuma ya risiti.