Chupa Ikipasuka Kabla ya Uchungu

Tunapotembelea vikundi, akina mama hutuuliza: chupa ikipasuka na uchungu haujaanza, si ningoje tu nyumbani? Hapana mama, usingoje.

Chupa ni ngozi mbili nyembamba zilizoshikana. Ndani yake mtoto huelea majini, anageuka bila kukwama, na mama akijikwaa maji hupunguza kishindo. Ngozi hizo pia huzuia viini vya magonjwa vinavyopanda kutoka ukeni. Zikipasuka mlango uko wazi, na hatari huongezeka kadiri saa zinavyopita, hasa zikizidi 18.

Wengine hudhani ni mkojo. Lakini mkojo unaweza kuuzuia, haya maji hayazuiliki. Vaa kitambaa safi uangalie rangi. Yakiwa ya kijani, mtoto amejisaidia tumboni, basi haraka zaidi! Usiingize kidole wala dawa ya miti. Ikitokea kabla ya wiki 37, hospitalini hutoa dawa ya kuzuia viini.

Kikundi kiweke nauli mapema, maana usiku wa manane matatu hakuna.

Mtoto akishazaliwa, mkunga hukagua kondo la nyuma na ngozi hizo kama zimetoka zote. Kipande kikibaki, mama anaweza kutokwa na damu nyingi hata siku kadhaa baadaye.