Mbio za pili

Siku nilipotangaza nyumbani kwamba nitajiandikisha katika nusu marathoni ya Kilimanjaro, mama mkwe aliweka kikombe chini. "Unamkimbiza nani, mwanangu?" Watoto wakacheka. Mume wangu hakucheka, na ukimya wake ndio ulioniuma. Nilikuwa na umri wa miaka 46, uzito umezidi, na daktari alikwisha nieleza kwamba sukari yangu imefika mpakani. Mama yangu mzazi, Allah amrehemu, alikatwa mguu kwa maradhi hayo.

Maneno ya majirani niliyazoea upesi. Swali la mume wangu lilikuwa zito zaidi: stara je? Sikulidharau. Tukakubaliana kuwa nitatoka baada ya swala ya Alfajiri pamoja na binti yetu, nimevaa suruali pana, gauni jepesi lifikalo chini ya magoti na mtandio uliobanwa vyema. Yeye mwenyewe ndiye aliyenikumbusha Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) wakiwa safarini, Bibi Aisha akatangulia; baadaye, mwili wake ulipoongezeka, wakashindana tena na Mtume (s.a.w.) akatangulia. "Wewe umo katika mbio za pili," akanitania.

Majuma ya mwanzo sikukimbia hasa. Nilitembea dakika 4, nikakimbia 1, kisha nikarudia. Juma la tatu kiburi kikaniingia, nikakimbia kilomita 8 mfululizo. Goti likavimba, nikakaa nyumbani siku 12 nikisikiliza "tulikwambia". Pumzi huzoea kazi mapema kuliko kano na viungo, na hilo nililijua kwa maumivu.

Katika siku hizo za kukaa nilisoma habari za Mwingereza Priscilla Welch. Alikuwa mvutaji sigara, na hakuanza mbio mpaka alipokaribia miaka 35. Mwaka 1984 alishika nafasi ya 6 katika marathoni ya Olimpiki mjini Los Angeles, na mwaka 1987 akashinda ya New York akiwa na miaka 42. Sikuwa na ndoto ya ushindi. Nilitaka tu jibu la kumpa mama mkwe, aliyeamini kuwa mwili ukishazaa wanne haufundishiki.

Ilinichukua miezi kumi. Vipimo vya sukari vilishuka kidogo kidogo, na daktari akaniruhusu kwenda Moshi. Njia hupanda kuelekea Mweka, na mwinuko ule haumwonei mtu haya. Sehemu kubwa niliipanda kwa kutembea, vijana wakinipita kwa makundi. Kilomita 21 zilinichukua zaidi ya saa tatu. Mume wangu alinisubiri katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, ameshika chupa ya maji na khanga ya kunifunika.

Mama mkwe alipiga simu kabla sijavua viatu.

"Haya, umemkamata?"

"Bado, mama. Mwakani, inshaallah."