Uchunguzi wa chanzo cha moto

Uchunguzi wa chanzo cha moto ni kazi ya kitaalamu ya kutafuta mahali ambapo moto ulianzia na sababu iliyouwasha. Matokeo yake hutumiwa na polisi, mahakama, kampuni za bima na wenye mali.

Umuhimu

Bima ya moto hufidia hasara ya ajali, lakini si ya mtu aliyechoma mali yake kwa makusudi. Hivyo ripoti ya mchunguzi inaweza kumrudishia mfanyabiashara mtaji wake au kumfikisha mahakamani.

Uchunguzi husaidia pia kuzuia maafa mengine. Mwaka 1994 moto katika bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilaya ya Rombo, ulimo pia mji wa Tarakea, uliua wasichana zaidi ya 40. Mnamo Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliungua kuanzia eneo la Whona. Taarifa ya awali ya TANAPA ilitaja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni.

Hatua

Mchunguzi huanza sehemu iliyoungua kidogo na kuelekea iliyoungua zaidi. Hutazama alama za moshi ukutani, ambazo mara nyingi huwa na umbo la herufi V, na kina cha mkaa kwenye mbao. Kisha hukagua jiko, taa na nyaya. Vitone vya shaba iliyoyeyuka kwenye waya huonyesha kwamba huenda umeme ulikuwa ukipita; havithibitishi kwamba umeme ndio ulioanzisha moto, kwa kuwa moto wenyewe huunguza plastiki ya waya na kuzigusanisha nyaya.

Majivu na udongo hutiwa katika makopo yanayofungwa kabisa, kwa sababu petroli huvukia haraka. Maabara hupima sampuli hizo kwa kromatografia ya gesi.

Nchini Tanzania wahusika ni pamoja na Jeshi la Polisi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kampuni za bima hutumia wakadiriaji wa hasara, wanaosimamiwa na TIRA.

Makosa

Zamani nyufa nyingi kwenye kioo zilichukuliwa kuwa dalili ya petroli. Baadaye majaribio yalionyesha kwamba hutokea kioo cha moto kinapomwagiwa maji. Huko Texas, Marekani, Cameron Todd Willingham aliuawa kwa sindano ya sumu mwaka 2004 kwa kosa la kuchoma nyumba walimofia binti zake watatu mwaka 1991. Wataalamu waliopitia kesi hiyo walisema alama zilizotumika kumtia hatiani hazikuwa na msingi wa kisayansi.

Kulinda eneo

Ushahidi hupotea upesi mabati yanapoondolewa na majivu kufagiliwa. Kwa hiyo, watu wakishaokolewa na moto kuzimwa, eneo huachwa lilivyo na kupigwa picha hadi likaguliwe.